Kitufe, Mshale na Kioo Kidogo Juu ya Boneti

Anayetafuta gari huuliza ukubwa wa injini, kilomita lilizotembea, na bei. Ni wachache wanaoketi kwenye kiti cha dereva wakajaribu kuwasha kiyoyozi bila kukitazama. Kwa maoni yetu, hapo ndipo pa kuanzia.

Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilipeleka magari kwenye uwanja wa ndege usiotumika. Madereva walikwenda kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa huku wakifanya kazi ndogo nne, kama vile kuongeza joto na kutafuta stesheni ya redio. Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe vya kawaida, ilimaliza kwa sekunde 10, ikiwa imekwenda mita 306. MG Marvel R, mpya na yenye skrini ya kugusa, ilichukua sekunde 44.9 na mita 1,372. Zaidi ya kilomita nzima dereva anagawa macho baina ya barabara na skrini!

Skrini hupendeza dukani. Lakini kitufe kina umbo, na kidole hukijua hata gizani. Ndiyo maana Euro NCAP, taasisi inayopima usalama wa magari Ulaya, kwa vipimo vyake vya mwaka 2026 inataka indiketa, taa za hazadi, wipa, honi na kitufe cha kuita msaada viwe na swichi zake, la sivyo gari hupoteza alama.

Si lazima ubunifu uwe wa gharama. Ule mshale mdogo kwenye geji ya mafuta, unaoonyesha tangi liko upande gani, ulipendekezwa mwaka 1986 na James Moylan, mfanyakazi wa Ford, baada ya kulowa mvua kituoni kwa kuegesha upande usio wake.

Kwenye kuegesha, mambo ni mazito zaidi. Mwaka 2002 nchini Marekani, Cameron Gulbransen, mtoto wa miaka 2, aligongwa na kufa nyumbani kwao baba yake alipokuwa akirudisha gari nyuma. Hakumwona. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilitiwa saini mwaka 2008, lakini kamera ya nyuma ikawa lazima kwa magari mapya madogo mwezi Mei 2018 tu. Miaka kumi ni mingi mno kwa kifaa ambacho teknolojia yake ilikuwa tayari ipo.

Japani nako kuna kile kioo kidogo kinachochomoza juu ya boneti, upande wa kushoto, kwenye Prado na Harrier nyingi. Wapo nyumbani wanaokiona pambo, hata kuking'oa. Dereva akikaa kulia, kona ya mbele kushoto humfichikia, na mtoto mfupi aliyesimama karibu na tairi haonekani kabisa. Kioo hicho humwonyesha. Kenya na Tanzania usukani uko kulia vilevile, na kushoto ndiko wanakopita watoto wa shule.

Kwa hiyo anayeagiza gari lililotumika kutoka huko asiridhike na picha za nje. Aombe picha ya dashibodi ikiwa imewashwa, gia ikiwa kwenye rivasi, aone kama kamera inafanya kazi. Aulize pia kama lugha ya skrini inabadilika, maana nyingi hubaki zikiongea Kijapani.