Marekani ni bora kuliko Uvira? Hesabu isiyoonekana kwenye picha

Toka Kavimvira mpaka Kalundu, ukipita mbele ya nyumba mpya ya matofali ya kuchoma yenye mabati yanayong'aa, hautakosa mtu wa kukuambia: «Ile ni feza ya Bulaya.» Bulaya kwa mtu wa Uvira si Ulaya peke yake. Ni Texas, ni Norway, ni Australia, yote pamoja. Ni kule mtoto wa jirani alienda, na sasa anatuma picha amesimama kando ya gari.

Swali la kujua kama maisha ya kule ni bora kweli si la kupitisha wakati tu. Kuna familia zinazolipima kwa parsele. Baba anajiuliza kama auze kiwanja cha Mulongwe ao cha Kasenga ili mtoto mmoja apate njia. Na tangu vita ilipofika mjini Desemba 2025, makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi, swali hilo limerudi na nguvu. Wengi wanafikiri kwamba ukishakuwa mkimbizi, umeshafika kwenye mlango wa kwenda mbali.

Walioenda walikimbia

Watu wengi wa Uvira, wa Fizi na wa Haut-Plateau walio Marekani leo hawakuondoka kutafuta kazi. Walikimbia. Kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu katika mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 wakati vita iliposukuma watu wa Kivu Kusini kuvuka ziwa. Kuna watoto waliozaliwa pale, wakasoma pale, wakaoa pale, kabla majina yao kusomwa siku moja kwenye orodha ya safari. Wengine walipitia Burundi, Uganda, Kenya ao Malawi. Kuna pia waliookoka Gatumba, mahali ambapo mtu wa Kavimvira anafika kwa baiskeli. Usiku wa 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa katika kambi ile. Miaka kadhaa baadaye, sehemu kubwa ya waliobaki walipokelewa Marekani.

Kumuuliza mtu kama huyo ikiwa kule ni bora, ni swali la ajabu kidogo. Analala bila kusikia risasi. Kwake hiyo peke yake inaweza kutosha.

Lakini ndugu aliyebaki Uvira hapimi kwa usingizi. Anapima kwa dola. Na ni hapo hesabu inaharibika.

Dola moja ina masaa ndani

Mkimbizi anafika Marekani akiwa na deni. Tiketi ya ndege inalipwa kwanza kwa mkopo wa OIM, usio na riba, na familia inaanza kuurudisha miezi michache baada ya kufika. Nyumba ya watu wanane inaweza kuwa na deni la maelfu ya dola mbele baba hajapata hata kazi ya kwanza. Shirika la mapokezi linawatafutia nyumba, vitanda, masufuria, linawapeleka ku ofisi kuchukua makaratasi. Msaada huo ni wa miezi mitatu hivi ya mwanzo. Kisha kila mtu na kodi yake.

Kazi inayopatikana haraka kwa asiyejua Kiingereza ni ile isiyohitaji maneno: kukata nyama kiwandani, kupanga makartoni mu depo, kuosha vyombo, kufua mashuka ya hoteli. Mwalimu aliyekuwa anafundisha hesabu mu sekondari anasimama masaa nane ao kumi mbele ya mkanda unaopitisha kuku. Muuguzi wa A1 anaanzia chini, kwa kuogesha wazee, kwa sababu diploma yake ya Kongo haimpi ruhusa ya kuuguza mpaka apite mitihani ya kule.

Mshahara wa chini uliowekwa na serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, na haujabadilika toka 2009. Viwanda vingi vinalipa zaidi. Chukua mfano wa mtu anayepata dola 16 kwa saa, masaa 40 kwa wiki. Kwa wiki nne ni dola 2,560. Mtu wa Uvira akisikia hivyo anashika kichwa. Sasa toa. Makato ya pensheni na ya matibabu ya uzee ni 7.65 kwa mia, karibu dola 196, na kodi ya mapato haijaingia bado. Nyumba ya vyumba viwili, tuseme 1,200, na kuna miji ambako hiyo haitoshi. Gari si ufahari, kwa sababu mu miji mingi ya kule hakuna taksi-moto ya kukufikisha kazini usiku wa manane: mkopo wa gari, asiransi na mafuta vinakula 500. Umeme, simu na intaneti, 250. Deni la tiketi, 100. Imebaki dola 314, na watoto hawajakula.

Ndiyo maana mu nyumba nyingi baba anatumika mchana na mama anatumika usiku, wakisalimiana mlangoni. Dola 100 inayofika Uvira haikutoka kwenye ziada. Kwa mtu wa mfano wetu ni zaidi ya masaa sita ya kusimama kwenye baridi ya kiwanda cha nyama. Hapa inanunua mchele, inalipa minervale ya mtoto wa sekondari, na wiki inayofuata simu inalia tena: yaya, mama ni mgonjwa, yaya, maji imeingia mu nyumba. Mwezi wa 4 mwaka 2020 mto Mulongwe ulipobomoa manyumba, na mwaka 2024 ziwa lilipopanda mpaka mu parsele za Kalundu, nani mwenye ndugu ng'ambo hakupiga simu ya namna hiyo?

Kazi zenyewe zina hatari yake. Aprili 2020, katika kiwanda kimoja cha nyama ya nguruwe mjini Waterloo, jimbo la Iowa, ambako Wakongomani ni kati ya wanaotumika, watu zaidi ya elfu moja waliambukizwa Covid, na wengine walikufa. Waliendelea kwenda kazini wakati miji yote ilikuwa imefungwa, kwa sababu kodi ya nyumba haikufungwa.

Kuanzia 1 Januari 2026 kumeongezeka kitu kingine: Marekani inakata ushuru wa 1 kwa mia juu ya feza inayotumwa inje, kwa mtu anayelipa kwa noti mkononi. Anayetuma kwa kutumia kadi ao akaunti ya benki hakatwi. Ni vizuri kumwambia yaya ikiwa bado anaenda dukani na noti zake.

Nani anafaidika

Ukichukua nyumba moja yenye vizazi vitatu, jibu linaweza kuwa tatu tofauti.

Watoto, ndiyo, wanapata. Shule ya serikali ni ya bure mpaka mwisho wa sekondari, na basi linawachukua karibu na nyumba. Hapa kwetu masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 yanaishia ku shule ya msingi, na kila mzazi wa Uvira anajua kinachofuata. Mtoto aliyefika na miaka saba, mwaka mmoja ao miwili tu, anaongea Kiingereza kama mwenyeji.

Na ni Kiingereza hicho hicho kinachogeuza nyumba. Mtoto wa miaka 12 anakaa kati ya mama yake na daktari, anatafsiri magonjwa ambayo mu mila yetu mtoto hapaswi kuyasikia. Anasoma barua za ofisi, anajua deni la baba. Anajua pia namba 911. Wazazi wanalalamika kwamba hawawezi kukaripia mtoto tena. Hiyo ina chumvi kidogo: sheria inakataza kupiga kwa kuumiza, haikatazi kulea. Lakini woga wenyewe ni wa kweli, na baba anayeogopa mtoto wake si baba yule aliyetoka Nyarugusu.

Mzee ndiye anayelipa zaidi. Uvira, mzee akikaa mbele ya nyumba, mtaa mzima unamsalimia. Kule yuko ku orofa ya pili, theluji inje, watoto wote kazini, jirani hamjui jina. Ijumaa mpaka Jumapili anafufuka kidogo, kwa sababu mu miji kama Louisville, Dallas na Des Moines kuna makanisa yanayoabudu kwa Kiswahili, kuna bugali na sombe ya kugandishwa ku duka la Waafrika. Kisha Jumatatu inarudi.

Na usalama? Ni mkubwa kuliko wa hapa, hakuna wa kubisha. Lakini haukamiliki. Familia ya Patrick Lyoya ilikimbia vita ya Kongo ikafika Marekani mwaka 2014. Tarehe 4 Aprili 2022, mjini Grand Rapids, jimbo la Michigan, polisi alisimamisha gari lake kwa sababu ya plaki, wakakamatana, na polisi yule akampiga risasi ya kichwa kwa nyuma akiwa amelala chini. Alikuwa na miaka 26. Polisi alishitakiwa kwa mauaji. Mwezi wa 5 mwaka 2025 raia waliochaguliwa kuhukumu kesi walishindwa kukubaliana, na mwendesha mashitaka akaiacha. Baba na mama yake walifuata yote hayo mahakamani kupitia mtafsiri wa Kiswahili.

Nchi hazifanani pia. Norway inamlipa mkimbizi posho huku ikimlazimisha kusoma lugha kwanza. Kanada na Australia zinampa makazi ya kudumu toka siku ya kufika. Marekani inampa ruhusa ya kazi haraka na kumwambia: tumika.

Nyumba ya nani?

Mkimbizi wa Marekani anaomba kadi ya ukaaji, ile green card, baada ya mwaka mmoja. Kwa kawaida baada ya miaka mitano anaweza kuomba uraia. Wengi wanauchukua, kwa sababu kwa paspoti hiyo wanasafiri bila woga. Lakini kifungu cha 10 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Anayeapa kuwa Mmarekani, kwa sheria si Mkongomani tena. Anarudi kuona mama yake Uvira kwa visa, kama mgeni.

Hapo zile nyumba za mabati mapya zinapata shida. Haki ya kudumu ya ardhi, kwa sheria ya 1973, ni ya raia wa Kongo peke yao. Hiyo ni sababu moja, pamoja na umbali, inayofanya parsele iandikwe kwa jina la kaka, la shemeji ao la mjomba. Miaka kumi ya usiku wa kiwandani inalala ndani ya karatasi yenye jina la mtu mwingine. Kaka akifa, wajane na watoto wake wanasema nyumba ni ya baba yao, na karatasi inawapa haki.

Mlango wenyewe uko wapi sasa

Katika mwaka wa bajeti 2023, uliomalizika Septemba ya mwaka huo, Marekani ilipokea wakimbizi Wakongomani zaidi ya 18,000, kuliko wa nchi nyingine yoyote. Tarehe 20 Januari 2025 rais Donald Trump alisimamisha mpango wote. Kuna watu waliokuwa wameshauza vyombo vyao kambini, tiketi ikiwa tayari, wakabaki wamekaa juu ya mabegi. Mwezi wa 10 mwaka huo serikali yake ilitangaza nafasi 7,500 tu kwa mwaka wa bajeti 2026, kwa dunia nzima, na ikasema nyingi zitaenda kwa Waafrikana, wale wazungu wa Afrika Kusini. Hata msaada wa chakula umekatwa: sheria iliyotiwa sahihi Julai 2025 inamwondoa mkimbizi mpaka apate kwanza kadi ya ukaaji.

Kwa hiyo mtu anayekuja kusema ana «dosie» ya Marekani ya kuuza, iwe Uvira, iwe Bujumbura, iwe kambini, anauza kitu ambacho hana. Hakuwa nacho hata zamani. Kuchaguliwa kwenda nchi ya tatu hakulipiwi: HCR ndiyo inapendekeza majina, nchi inayopokea ndiyo inakubali ao kukataa, na hatua zote ni za bure. Biashara hiyo ya uongo si ya jana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, uchunguzi wa Umoja wa Mataifa mjini Nairobi ulikuta mtandao uliokuwa unauzia wakimbizi nafasi, na ndani yake walikuwemo wafanyakazi wa HCR yenyewe. Anayeombwa feza anaweza kuripoti kwa HCR bila kupoteza nafasi yake. Aliyeshauza parsele, kuirudisha ni kesi ya miaka.

Kwa wenye ndugu Texas, Iowa ao Kentucky ya magharibi, jambo moja dogo kuhusu simu. Saa ya kule iko nyuma ya Uvira kwa masaa saba toka katikati ya mwezi wa 3 mpaka mwanzo wa mwezi wa 11, na masaa nane miezi mingine. Uvira ikiwa saa nne asubui, kule ni usiku wa manane ao karibu na alfajiri, na aliyelala anaamka akidhani ni habari ya kifo. Aliyetumika usiku anafika nyumbani wakati Uvira ni saa nane ao saa tisa za mchana. Huyo mwacheni alale kwanza. Jioni ya Uvira, saa nne za usiku hivi, atakuwa ameamka na atapokea.