Diwani mpya na sikio la msomaji

Mjini Doha, shairi huanza mdomoni kabla ya kufika kitabuni.

Waarabu wa Ghuba wana ushairi uitwao nabati, unaotungwa kwa Kiarabu cha mazungumzo badala ya kile cha vitabuni, na ambao hughaniwa mbele ya wasikilizaji. Mtu wa Lamu au Unguja aliyefuata riziki Qatar hawezi kuliona jambo hilo kuwa geni.

Mohammed al-Ajami, maarufu kwa jina la Ibn al-Dheeb, ni mtunzi wa ushairi huo. Alikamatwa mjini Doha mwezi Novemba 2011, na mwaka mmoja baadaye akahukumiwa kifungo cha maisha. Adhabu ilipunguzwa hadi miaka 15 mwaka 2013, naye akaachiwa kwa msamaha mwezi Machi 2016.

Shairi lake moja alilighani nyumbani kwa mtu mjini Cairo mwaka 2010, likarekodiwa na kusambaa kwenye intaneti. Jingine lilisifu mapinduzi ya Tunisia.

Mashtaka yalikuwa kumtusi Amiri na kuchochea kupinduliwa kwa utawala. Hiyo nayo ni namna ya kusoma shairi: kulichomoa peke yake na kuuliza ni nani aliyesemwa.

Shairi kati ya mashairi

Diwani humpa msomaji njia nyingine, kwani humo shairi limekaa kati ya wenzake.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki.

Anayetafuta gereza katika kila ukurasa wa diwani hiyo atashangaa kukuta ndugu wawili wakigombania mnazi. Likisomwa peke yake, hilo ni shauri la urithi. Likisomwa pamoja na mengine, mnazi huanza kufanana na nchi.

Kwa hiyo, diwani isomwe kwa mpangilio wake angalau mara moja, na isomwe kwa sauti, hata kwa kunong'ona katika chumba cha watu sita.

Vina na pumzi

Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mabishano kuhusu mashairi yasiyofuata vina na mizani hayajaisha. Wengi hufungua diwani mpya na kuhesabu mizani kwanza, kama karani wa forodha. Afadhali kusikiliza mstari umekatwa wapi, na pumzi imeachwa juu ya neno gani. Mshairi huru asiye na sababu ya kukata mstari atajulikana hapo hapo.

Mfano wa karibuni ni N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ugenini ya Mohammed Khelef Ghassani, Mzanzibari aishiye Ujerumani, iliyoshinda tuzo ya Mabati-Cornell kwa ushairi mwaka 2015.

Msomaji aliye Doha anaweza kuliona jina hilo akadhani ameshaielewa diwani nzima, maana naye ni mgeni. Haraka hiyo humnyima mengi. Ile "n'na" peke yake, kwa lafudhi ya mwambao, imeshataja kwao mtunzi. Aliyesoma kwa macho tu ameipita.