MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Kila mmoja na awe na daftari na kalamu. Leo tutazungumza juu ya mali inayopotea dukani. Wengine kati yenu mna duka, wengine mna meza sokoni, na wengine huwauzia ndugu zenu. Somo hili ni lenu nyote.

Tuanze hapa hapa kwetu. Mwaka 1871 Dk. Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa mgonjwa, amechoka. Alitumaini kukuta akiba yake: yadi 3,000 za nguo na ratili 700 za shanga. Siku zile nguo na shanga zilitumika kama fedha. Aliandika kwamba hakukuta hata yadi moja. Mtu aliyekabidhiwa mali ile alikuwa amekwisha kuiuza yote. Hakuna mwizi aliyevunja mlango. Mali ilitoka kwa mkono wa mtunzaji, na mwenyewe alikuwa mbali, hawezi kuihesabu.

Je, katika duka lako mali hutokaje? Ziko njia nne.

Njia ya kwanza ni mizani. Tuseme umenunua mfuko wa sukari wa kilo 50, nawe unauza robo robo. Kilo moja ina robo 4, kwa hiyo utapima mara 200. Ukizidisha gramu 5 tu kila mara, kiasi cha kijiko cha chai, umetoa bure gramu 1,000. Hiyo ni kilo nzima! Wala usipunje, maana kumpunja mnunuzi ni kumwibia. Pima sawasawa.

Njia ya pili ni mali kupungua yenyewe. Ukinunua dagaa Kibirizi kabla hawajakauka barabara, watazidi kukauka ghalani, na gunia litapungua uzito. Kabla ya kununua, mshike dagaa umpinde. Aliyekauka huvunjika, ambaye bado hupinda tu. Mawese nayo huganda chini ya debe wakati wa baridi. Usipoyapasha moto kidogo, mengine yatabaki humo. Chumvi iliyowekwa sakafuni hushika unyevu na kuyeyuka. Basi weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Ziba matundu ya panya. Uza kwanza mali ya zamani, ndipo uuze mpya.

Njia ya tatu ni nyumbani na mkopo. Mtoto anatumwa kuchukua sabuni. Shemeji anachukua mafuta, anasema, "Utaandika kesho." Kesho ikifika, umesahau. Hatusemi usiwape watu wako. Tunasema, andika kwanza, kisha toa.

Njia ya nne ndiyo mwizi. Mara nyingi huja wawili. Mmoja anaomba kitu cha rafu ya juu. Ukipanda kigoda na kumpa mgongo, mwenzake anatia mkono. Basi vitu vidogo vya bei kubwa, kama betri na nyembe, uviweke nyuma yako, si mezani. Onyesha kimoja, kirudishe, ndipo utoe kingine. Siku mashua zinapofika na watu wanajaa, tafuta wa kukusaidia. Droo ya fedha ifungwe daima. Na ukimkamata mtu, usimpige wala usiite umati. Mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi. Kipande cha sabuni kinaweza kununuliwa tena. Uhai wa mtu haununuliwi.

Sasa utajuaje ni njia ipi inayokumaliza? Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapokufaa. Andikeni hesabu hii:

Sabuni zilizokuwapo Jumamosi iliyopita: 40
Zilizoingia wiki hii: 24
Jumla: 64
Zilizopo leo, baada ya kuhesabu: 30
Zilizotoka: 34

Kisha tazama daftari la kila siku:

Zilizouzwa: 27
Zilizochukuliwa nyumbani: 3
Zilizokopwa: 2
Jumla: 32

Zilizotoka ni 34, zilizoandikwa ni 32. Sabuni 2 hazijulikani zilipo. Tazama rafu tena. Uliza nyumbani. Hesabu fedha za droo. Fanya hivi kila wiki, kwa vitu vichache vinavyotoka sana. Ukigundua upungufu wa wiki moja, bado unakumbuka yaliyotokea. Ukingoja mwaka mzima, utabaki na rafu tupu na hasira.

Na hasira hiyo humwangukia nani? Kijana anayekusaidia dukani. Gunia la dagaa limepungua kilo 2, naye anaitwa mwizi na kufukuzwa, kumbe ni jua na upepo. Jina lake limeharibika mtaani, na gunia lijalo litapungua vile vile. Kwa hiyo, siku ya kumkabidhi duka, hesabuni pamoja, andikeni, kila mmoja atie sahihi. Ukirudi, hesabuni tena pamoja. Daftari humwonyesha asiye mwaminifu, na humlinda aliye mwaminifu.

Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kufuli huzuia mtu wa nje usiku. Daftari hukuambia yanayotokea mchana, mbele ya macho yako.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika njia nne tulizozitaja, ni ipi inayowasumbua zaidi wenye maduka hapa kwenu? Kwa nini?

2. Mama mmoja alikuwa na chupa 18 za mawese. Akaongeza 12. Leo zipo 11. Daftari linasema ameuza 16 na kukopesha 2. Je, chupa ngapi hazijulikani zilipo? Afanye nini kwanza?

3. Piga mistari mitano katika daftari lako: Tarehe, Kitu, Kilichoingia, Kilichotoka, Kilichobaki. Ujaze kwa muda wa siku saba, kisha ulilete darasani.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.