Gofu Bila Uwanja: Mikwaju Inapotelea Wapi?

Mtumishi anayehamishiwa Musoma akitokea Arusha au Dar es Salaam, fimbo zake za gofu zikiwa kwenye buti la gari, hujiuliza swali moja kabla hata hajapata nyumba ya kupanga: nitachezea wapi? Akiulizia uwanja mjini ataelekezwa Karume, kwenye kandanda. Arusha imebaki upande wa pili wa Serengeti. Akivuka mpaka wa Kenya pale Sirari anaweza kufika Kisii, kwenye uwanja wa mashimo 9, au akasonga mbele hadi Kisumu, lakini hizo ni safari za mwisho wa wiki, tena kwa kupanga. Wengi huishia kuziweka fimbo stoo wakisubiri uhamisho mwingine. Hoja yao ni kwamba bila grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) ya kufanyia mazoezi hakuna namna ya kushusha alama, yaani idadi ya mikwaju.

Hoja hiyo ina sauti ya ukweli. Tatizo lake ni kwamba takwimu za mchezo wenyewe zinaipinga.

Kwa miongo mingi wachezaji duniani kote waliaminishwa kwamba mkwaju mrefu ni wa kujionyesha na kwamba pesa ziko kwenye pata, yaani fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia kule New York, aliamua kulipima jambo hilo kwa kukusanya kumbukumbu za mikwaju ya wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa, mkwaju mmoja mmoja. Njia yake ni rahisi kuielewa. Kila mahali uwanjani pana wastani wa mikwaju inayohitajika ili mtu amalize shimo akianzia hapo. Tuseme mwanzo wa shimo unadai mikwaju 4. Umepiga, mpira umetua mahali pazuri panapodai mikwaju 2.8. Umetumia mkwaju 1 lakini umesogea 1.2, kwa hiyo umepata faida ya 0.2. Sasa tuseme mpira umepotelea kichakani. Kanuni inakupa dakika 3 za kuutafuta. Usipoonekana unaongezewa mkwaju wa adhabu na kurudi pale pale ulipopigia. Umeshatumia 2 na bado unadaiwa 4. Hasara ni 2 kamili, kwa mpigo mmoja.

Mashindano ya PGA Tour ya Marekani yalianza kuitumia njia hiyo mwaka 2011 kupima uchezaji wa pata, na mwaka 2014 Broadie akatoa kitabu chake, Every Shot Counts. Jibu lililopatikana liliwashangaza hata walimu wa mchezo: kiasi cha theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji mzuri na dhaifu hutokana na mikwaju inayopigwa kutoka umbali unaozidi yadi 100, ambazo ni meta 91. Theluthi moja tu iliyobaki ndiyo ya mikwaju mifupi na pata zikijumlishwa pamoja.

Lisome jibu hilo ukiwa Bunda, mkoani Mara. Kitu kilicho adimu mkoani humu ni grini laini iliyokatwa nyasi kila asubuhi. Kitu ulichonacho kwa wingi ni ardhi wazi. Na ardhi wazi ndiyo inayohitajika kwa ile theluthi mbili.

Kabla ya kwenda kwenye ardhi hiyo, nunua daftari la shule. Raundi utakayocheza Kisii au kwingineko iandike shimo kwa shimo, na usiandike alama peke yake; andika mkwaju uliokuponza. Mchezaji wa alama 105 kwenye uwanja wa pa 72, yaani unaotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju 72, amezidisha mikwaju 33, na akiulizwa imepotelea wapi atakutajia pata ya meta 1 aliyoikosa shimo la mwisho, kwa sababu ndiyo iliyomuuma. Daftari litasema mengine. Mipira mitatu iliyopotea ni mikwaju 6. Mpira uliochapwa kichwani ukaviringika meta 20, ule uliopigwa udongo kwanza ukaruka hatua tano, ule wa mchangani uliotoka kwa jaribio la tatu: ikifika kumi hiyo ni 10 mingine. Nusu ya deni imeshaonekana, na pata hatujazigusa. Kwa mchezaji wa ngazi ya juu kama Madina Iddi wa Arusha, kushusha mkwaju mmoja ni kazi nzito. Wewe wa 105 unaweza kushusha kumi bila kujifunza mkwaju hata mmoja mpya, kwa kupunguza ile mibovu kabisa.

Ndiyo maana sina imani na dreva mpya (fimbo ya mikwaju mirefu) ya bei mbaya. Mtu anayepoteza mipira mitatu kwa fimbo ya zamani atapoteza mitatu kwa hiyo mpya, ila itapotelea mbali zaidi.

Sasa mazoezi. La kwanza halihitaji hata mpira. Chukua majivu ya jikoni, tafuta sehemu yenye udongo laini au nyasi chache, uchore mstari mnyoofu wa urefu wa hatua mbili. Simama mstari ukiwa katikati ya miguu yako, kana kwamba mipira imepangwa juu yake. Kwa aironi namba 8, fimbo yenye kichwa cha chuma, piga kwa nusu ya nguvu, usogee kidogo, upige tena, hadi mstari uishe. Kisha inama uangalie makovu. Mkwaju safi wa aironi hugonga mpira kwanza na ardhi baadaye, kwa hiyo kovu linatakiwa lianzie kwenye majivu au mbele yake kidogo, upande wa kule mpira unakoelekea. Kovu lililoanzia nyuma ya mstari lingekuwa mpira uliodondoka karibu. Pasipo kovu kabisa, kichwa cha fimbo kimepita juu na mpira ungechapwa utosini.

Makovu ya wanaoanza huwa yametapakaa: moja nyuma, moja mbele, mawili hayapo. Sababu kubwa ni kutaka kuunyanyua mpira. Mpigaji anabaki ameegemea mguu wa nyuma na kuuchota kwa viganja, ilhali uso wa fimbo umeshalazwa tayari ili kazi ya kunyanyua ifanywe na fimbo yenyewe. Tiba ni kuangalia unavyomaliza. Baada ya mkwaju, uzito wote uwe umehamia mguu wa mbele, kisigino cha nyuma kimeinuka na kifungo cha mkanda kinatazama kule ulikolenga. Simama hivyo ukihesabu hadi tatu. Ukiyumba, uzito haukuhama. Usilifanye zoezi hili kwenye changarawe, maana viganja vitaumia kabla makovu hayajanyooka.

Kwa mikwaju yenye mpira, msimu mzuri Bunda ni kiangazi, pamba ikishavunwa na mabua kung'olewa. Shamba hubaki jeupe kiasi kwamba mpira unauona ulipolala. Omba ruhusa ya mwenyewe, na asiwepo mtu wala mbuzi upande unakopigia. Mpira wa gofu una uzito wa gramu zisizozidi 45.93, lakini ukitoka kwenye dreva ya mchezaji wa kawaida unaweza kuvuka mwendo wa kilometa 200 kwa saa. Kiwanja cha mpira wa miguu chenye watoto si mahali pake hata jioni moja. Wala usipigie ziwani kwa raha ya kuona maji yakiruka. Ziwa lina wavuvi, na mpira wa plastiki hauozi.

Piga mipira 10 kwa aironi namba 7 ukilenga mti mmoja wa mbali, kisha utembee uipime ilivyosambaa kwa hatua. Mchezaji wa ridhaa hushtuka hapa. Kichwani anabeba ule mmoja ulionyooka na kwenda mbali. Shambani imelala kumi, imetanda upana wa meta 40 au 50, mingi ikiwa upande mmoja, na nusu yake ni mifupi kuliko alivyodhani. Huo mtandao ndio mkwaju wako halisi. Uwanjani, kama kulia kuna bwawa na mtandao wako unaegemea kulia, lenga kushoto mwa grini hata kama bendera iko kulia. Fimbo nayo ichague kwa umbali wa mipira ya katikati, usitegemee ule bora.

Umbali una mambo yake kwa mtu wa Kanda ya Ziwa. Ziwa Victoria liko meta 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Mpira unaoruka meta 150 pwani utaruka kama meta 156 Musoma kwa nguvu ile ile, na Kisii, ambako ni juu zaidi, utaongezeka tena kidogo. Anayejipima Bunda kisha akaenda kushindana Lugalo au Gymkhana ya Dar atajikuta mipira yake yote inafia mbele ya grini, na atalaumu mkono. Mkono hauna kosa; achukue fimbo moja kubwa zaidi. Upepo nao: Musoma iko ufukwe wa mashariki, kwa hiyo mchana ziwa husukuma upepo kutoka magharibi. Ukipiga kuelekea ziwani unapunguziwa umbali mwingi kuliko ule unaoongezewa ukiligeuzia mgongo. Wanaojipima umbali wafanye hivyo asubuhi kabla upepo haujaamka.

Jambo jingine la kitaalamu, ambalo watu hawalipendi. Mwaka 1979 watafiti Shea na Morgan walilinganisha makundi mawili yaliyokuwa yakijifunza miendo ya mkono. Kundi moja lilirudia mwendo mmoja hadi uishe ndipo liende mwingine. Jingine lilichanganya kila mara. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilionekana hodari zaidi. Walipopimwa baadaye, waliochanganya ndio waliokuwa wamebakiza ujuzi. Kwenye gofu maana yake ni kwamba mipira 40 mfululizo kwa aironi namba 7 hukupa raha ya bure. Ukishapata mdundo, badilisha kila mpira: dreva, kisha wedji (fimbo ya mikwaju mifupi), kisha aironi, kila mmoja na lengo lake. Utakosea zaidi na utarudi nyumbani umenuna. Uwanjani hakuna anayekupa mkwaju ule ule mara mbili.

Tusiidharau theluthi iliyobaki. Enzi za ukoloni viwanja vingi vya bara katika Afrika Mashariki havikuwa na grini za nyasi. Watu walisukuma mipira kwenye mchanga uliokolezwa mafuta. Wewe una sakafu ya saruji. Broadie alionyesha kwamba mchezaji wa kulipwa huingiza nusu ya pata zake kutoka meta 2.4, na mchezaji wa ridhaa wa alama 90 hufikia nusu hiyo kutoka meta 1.5. Basi jenga lango la meta hiyo 1.5. Kipenyo cha shimo ni milimeta 108 na cha mpira ni 42.67. Ukipiga hesabu ya pembe, mpira utakaofika shimoni kutoka meta 1.5 ni ule unaopita, sentimeta 30 tu mbele yako, kwenye uwazi wa sentimeta 6 na nusu hivi. Weka vizibo viwili vya soda kwa nafasi hiyo na usukume katikati. Usipogusa kizibo, pata ile ingeingia. Zoezi hili linafanyika sebuleni Butiama, mvua ya masika ikinyesha nje.

Sakafu haitakufundisha mwendo wa grini, na mwendo ndio unaosababisha pata tatu. Huo uutafute siku yenyewe: fika nusu saa mapema, uache mashimo, sukuma mipira kutoka hatua tano, kumi na kumi na tano hadi ukingo wa grini ya mazoezi, basi. Na ukifika viwanja vya karibu na ziwa, soma kanuni za pale. Klabu ya Jinja, Uganda, ilipata umaarufu kwa kanuni ya kuruhusu mpira uliotumbukia kwenye unyayo wa kiboko utolewe bila adhabu. Kanuni za gofu za sasa, ile ya 16.2, humruhusu mchezaji kuusogeza mpira bure palipo na mnyama wa hatari. Mtu wa Mara hahitaji kusomewa kanuni hiyo mara mbili.

Kilichobaki ni hendikapu, namba inayopima kiwango cha mchezaji, ambayo wengi huiona kama cheo. Mfumo wa dunia nzima ulioanza mwaka 2020 huchukua raundi zako 20 za karibuni na kutafuta wastani wa 8 bora. Alama 105 kwenye uwanja uliokadiriwa 71 na wenye mteremko (kipimo cha ugumu) wa 120 inahesabiwa hivi: 105 kutoa 71 ni 34, zidisha kwa 113 iliyowekwa na mfumo, gawanya kwa 120, unapata 32.0. Ukishuka hadi 97 unapata 24.5. Kwa kuwa zinahesabiwa siku zako nzuri tu, kucheza sawasawa na hendikapu yako hutokea mara moja katika raundi nne au tano hivi. Anayeifikia kila wiki ana la kuieleza kamati. Kiwango cha juu ni 54.0, hivyo hakuna anayefukuzwa kwa udhaifu. Kuanza unatakiwa uwe mwanachama wa klabu inayotambuliwa, na uwasilishe kadi za mashimo 54 zilizosainiwa na mwenzako. Mashimo hayo si lazima yawe raundi tatu kamili. Raundi sita za mashimo 9 zinakubalika, na hizo Kisii anazimaliza hata mtu anayesafiri mwisho wa mwezi tu, katika nusu mwaka.