Barua kwa Mjumbe wa Watu

Zamani, Tanganyika ilipotawaliwa na Waingereza, mwenyeji wa Kariakoo katika mji wa Dar es Salaam hakuwa na mjumbe aliyemchagua mwenyewe. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1926, na wajumbe wake waliteuliwa na serikali. Hata Waafrika wawili wa kwanza, walioingia mwaka 1945, waliteuliwa vilevile. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika miaka ya 1958 na 1959. Tangu hapo barua ya raia ikapata nguvu mpya, kwa maana huandikiwa mtu atakayerudi siku moja kuomba kura.

Lakini imempasa mwandishi kujua barua ni ya nani. Kata ya Kariakoo ina diwani wake, naye huketi katika Halmashauri ya Jiji. Kata hiyo imo pia katika jimbo la Ilala, ambalo mbunge wake huketi Bungeni Dodoma, na huko aweza kumwuliza waziri maswali. Basi, mtaro wa mtaani ukiziba, huanza kuandikiwa diwani. Sheria ikiwaelemea watu, huandikiwa mbunge. Wala mtaro si jambo dogo. Mvua za Desemba 2011 zilipojaza bonde la Msimbazi, lililo karibu na Kariakoo, watu wengi walipoteza nyumba zao, na wengine maisha yao.

Kabla ya kompyuta kuenea, mtu asiyejua kuandika vema alikwenda kwa karani mwenye taipu. Kila kitufe kilipobonyezwa, kijiti cha chuma chenye herufi kiliruka na kupiga utepe wenye wino, na herufi ikatokea juu ya karatasi. Karani alitia karatasi mbili pamoja, na katikati yake karatasi nyeusi ya kaboni. Hivyo pigo moja liliandika mara mbili. Karatasi ya juu ilipelekwa kwa mjumbe. Ya chini ilibaki kwa mwenye shauri, iwe ushahidi kwamba alisema, na siku aliyosema. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Na shauri ni vivyo hivyo.

Tena, barua njema ina tarehe, jina la mtaa, neno moja lililo wazi, na ombi moja. Matusi hayamo. Ikiisha kupigwa, sharti isomwe kwa sauti mbele ya mwenyewe kabla hajatia sahihi. Karani huuza kazi ya mikono yake tu. Maneno ni ya mwenye shauri. Atiaye sahihi asichokisikia amempa mtu mwingine kinywa chake.

Siku hizi kompyuta imechukua mahali pa taipu, lakini kanuni hizo hazikubadilika: mjue umwandikiaye, soma kabla ya kutia sahihi, nawe weka nakala.