Mpunga wa bondeni, miti ya mlimani

MKOA wa Shinyanga hauna pwani. Hata maji ya Ziwa Victoria yameletwa kwa bomba kutoka Ihelele, Misungwi. Lakini chakula na fedha za wakulima wake wengi hutoka kwenye mabonde.

Wasukuma huupa udongo majina kufuatana na mteremko. Juu, karibu na mawe, ni luseni, kichanga chepesi kinachofaa mihogo na karanga. Chini yake ni itogolo, kisha ibambasi, udongo mgumu usiopitisha maji kirahisi. Mwisho kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa plau masika. Ugumu wa ibambasi, ulio kero kwa mlima mahindi, ndio neema ya mpunga: ukizungushiwa matuta, maji hutuama. Hayo ndiyo majaluba.

Mvua za Shinyanga ni kati ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, ambazo peke yake ni haba kwa mpunga. Jaluba hutegemea pia maji yanayoteremka taratibu kutoka juu. Na huko juu miti imekatwa kwa miongo mingi: kwanza kufukuza mbung'o enzi za Mwingereza, kisha kupanua mashamba ya pamba. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 nayo iliwahamisha watu, wakaziacha ngitili zao, yaani malisho yanayofungwa masika ili yatumike kiangazi.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulianza mwaka 1986, ukarudi kwenye ngitili hizo hizo badala ya kuhubiri miche ya kigeni tu. Ngitili zilizojulikana wakati huo zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta.

Miaka hiyo hiyo migodi mikubwa ilifunguliwa: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Migodi na wachimbaji wadogo ni soko zuri la mchele. Ila wachimbaji wadogo wanahitaji pia matimba ya kuzuia mashimo yasibomoke, na miji inayokua inataka mkaa. Mwenye ngitili akiuza miti yake anapokea fedha siku hiyo hiyo. Hasara humfikia jirani wa bondeni msimu unaofuata, maji yanapoteremka kwa kishindo, yakabomoa matuta na kuyajaza majaluba mchanga.