KIGAE CHA RAS MKUMBUU

Wanakisomo wenzangu, Jumapili moja darasa letu lilikwenda kutazama mambo ya kale ya Pemba.

Asubuhi tuliingia makumbusho ya Chake Chake. Yamo ndani ya ngome ya zamani, iliyojengwa na Waarabu wa Omani katika karne ya 18. Wengine tumepita mlangoni pake tangu utotoni, ndani hatujapata kuingia! Tulisoma wenyewe habari za magofu ya Pujini na Ras Mkumbuu. Za Mkama Ndume wa Pujini ni ndefu, zina siku yake.

Mchana tukashuka Wesha, tukapanda mashua hadi Ras Mkumbuu. Ni rasi nyembamba, magharibi ya Chake Chake. Pana gofu la msikiti mkubwa na makaburi ya nguzo, yote ya mawe na chokaa. Wenyeji wake walikuwa wafanyabiashara. Vyombo vilikuja na kaskazi, vikarudi na kusi. Mwaka 916 msafiri Mwarabu, Al-Masudi, aliondoka mji wa Qanbalu kurudi Omani. Aliandika kuwa mjini humo mna Waislamu. Wataalamu wengine husema Qanbalu ndiyo hapa Ras Mkumbuu. Wengine wanakataa.

Tulipokuwa tunarudi chomboni, nikamwona bibi mmoja anafunga kitu kwenye pembe ya kanga. Kilikuwa kigae chenye rangi ya kijani.

"Mwalimu, hiki kipande tu cha bakuli bovu," akasema.

Nikamweleza hivi. Udongo wa mji wa kale umelala tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu. Tabaka la chini ndilo la zamani zaidi. Mabakuli ya Uchina yanajulikana yalitengenezwa zama zipi. Kigae chake kikikutwa tabaka moja na chungu chetu cha kupikia, mtaalamu hukisia umri wa chungu, hata wa nyumba iliyokuwa pale. Kigae kikiwa kabatini kwetu hakisemi kitu, maana hakijulikani kilitoka wapi. Na mawe ni hivyo hivyo. Anayeng'oa jiwe la gofu kujengea msingi anachana ukurasa.

Bibi alinyamaza. Kisha akarudi makaburini, akazunguka huku ameinama, kigae mkononi. Mahali alipokiokota hakupakumbuka.